Marekani: kwa nini wasimamizi wa ordinatere jeshini wanachoka, kisha wanaondoka

Jeshi la Marekani halikosi feza, wala halikosi mashine. Lakini kuna shida moja ambayo feza na mashine havijaweza kuimaliza: askari wanaosimamia ordinatere, serveri na mitandao ya jeshi wanachoka, kisha wanaacha kazi. Jeshi linawafundisha miaka, linawalipia vyeti, linawapa siri za nchi mkononi. Baadaye wengi wanavua uniforme na kwenda kufanya kazi ileile kwenye kampuni za kiraia. Wanaobaki wanabeba mzigo wa walioondoka, na wao pia wanaanza kuhesabu siku.

Watu wengi wanafikiri jibu ni mshahara tu. Mshahara una nafasi yake. Lakini watu waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wanaonyesha kwamba uchovu unatokana zaidi na namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Hawa ni watu gani?

Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, ofisi za kamanda zinaitwa kwa herufi na namba. Namba 2 ni upelelezi, namba 4 ni vifaa na chakula, namba 6 ni mawasiliano. Kwenye batalioni, afisa wa mawasiliano anaitwa S6, na mara nyingi ni kapiteni. Kwenye vikosi vikubwa vinavyoongozwa na jenerali, anaitwa G6.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bendera na waya. Kitengo cha mawasiliano cha jeshi hilo kilianza mwaka 1860 na Albert Myer, daktari wa jeshi aliyebuni njia ya kupeleka habari kwa kupeperusha bendera. Kisha zikaja telegrafu, radio, satelaiti, na leo ordinatere. S6 wa leo anachunga radio za askari walio porini, simu, imeili, maneno ya siri, serveri, na ulinzi wa mtandao dhidi ya wezi na wapelelezi. Chini yake kuna masajini na maafisa mafundi, yaani maafisa wanaokaa katika ufundi wao miaka yote bila kulazimishwa kuwa makamanda.

Kuna pia kundi jipya zaidi, wale wanaopigana ndani ya mtandao wenyewe. Makao yao makuu, yaliyoundwa mwaka 2010, yako Fort Meade katika jimbo la Maryland. Mwaka 2014 jeshi la nchi kavu likafungua fani yake ya pekee kwa kazi hiyo. Kufikia mwaka 2018 vikosi 133 vya majeshi yote vilitangazwa kuwa tayari, vyenye watu zaidi kidogo ya 6,000. Anayechunga mtandao na anayepigana ndani yake hawafanyi kazi moja, lakini shida zinazowatoa jeshini zinafanana sana.

Uchovu wa kazi ni nini?

Kila mtu anayefanya kazi anachoka. Akilala, akipumzika siku mbili, nguvu zinarudi. Uchovu unaozungumziwa hapa ni mwingine. Wanaosema Kifaransa na Kiingereza wanauita burn-out, kama taa iliyowaka mpaka mafuta yakaisha.

Neno hilo liliingia katika vitabu vya wataalamu mwaka 1974, kupitia Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York. Alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya bure, na aliona wafanyakazi wenye moyo mkubwa ndio waliokuwa wa kwanza kuanguka. Mwaka 1981 Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitoa kipimo ambacho kinatumika mpaka leo. Kipimo hicho kinaangalia mambo matatu:

– Kwanza, kuishiwa nguvu. Mtu anaamka asubuhi akiwa tayari amechoka.

– Pili, moyo kuwa mgumu. Watu anaowahudumia wanageuka kuwa namba ao kero. Anajibu kwa ukali, ao hajibu kabisa.

– Tatu, kuona kwamba kazi yake haina faida. Hata akifanya vizuri, hasikii kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilieleza jambo hilo katika orodha yake mpya ya magonjwa. Lilisema wazi kwamba si ugonjwa kama malaria. Ni hali inayotokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa vizuri. Maana yake, anayetafuta chanzo asianze kumlaumu mfanyakazi kwamba ni dhaifu. Aangalie kwanza kazi.

Kinachowachosha

Mwaka 2000 mtafiti Jo Ellen Moore alichapisha uchunguzi juu ya wataalamu wa ordinatere katika gazeti la kitaalamu linaloitwa MIS Quarterly. Aliona kwamba kilichowachosha zaidi ni mzigo wa kazi kupita kiasi, na chanzo kikubwa cha mzigo huo kilikuwa upungufu wa watu na wa vifaa. Aliona pia kwamba waliochoka ndio waliokuwa na nia kubwa ya kuondoka. Hao walikuwa raia, lakini picha ileile inaonekana jeshini.

Kwenye jeshi la anga la Marekani, madaktari waliwachunguza askari wanaopigana kwenye mtandao na kutoa matokeo yao mwaka 2013. Mtu angetarajia kwamba kinachowasumbua ni adui. Kumbe askari walilalamikia zaidi mambo ya nyumbani: zamu zinazobadilika-badilika, saa nyingi za kazi, watu wachache, kazi za juu ya kazi.

Kazi za juu ya kazi ndizo nini? Msimamizi wa mtandao jeshini ni askari kwanza. Anapaswa kukimbia asubuhi, kupiga shabaha, kushika zamu ya ulinzi, kuandika tathmini za walio chini yake, kuhudhuria mikutano na gwaride. Ordinatere hazisimami zikimngojea. Serveri ikianguka saa nane ya usiku, ni telefone yake inayolia. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, yuko kwenye mstari pamoja na wengine.

Kisha kuna jambo la shukrani. Kazi hii inafanana na ya fundi wa umeme mtaani. Taa zikiwaka mwezi muzima, hakuna anayemtaja. Zikikatika saa moja, jina lake liko katika kila kinywa. S6 akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachoonekana. Imeili zinaenda, radio zinasikika, kamanda anaongea na mkubwa wake. Siku satelaiti inakataa katikati ya mazoezi makubwa, kamanda anageuka na kumtazama yeye.

Na mara nyingi, kilichokataa si chake. Vifaa vilinunuliwa na ofisi nyingine, miaka mingi kabla hajafika. Sheria za usalama zinatoka juu. Programu fulani hawezi kuiweka bila ruhusa, na ruhusa inakaa miezi. Anaulizwa juu ya kitu ambacho hana uwezo wa kukibadilisha. Wataalamu wa Ulaya walioandika mwaka 2001 juu ya jambo hili, Evangelia Demerouti na wenzake, walilieleza hivi: kazi ina madai yake, na ina pia vitu vya kumsaidia mtu kuyabeba, kama watu wa kutosha, uhuru wa kuamua, msaada wa mkubwa na vifaa. Madai yakipanda, nguvu zinaisha. Msaada ukipungua, moyo unatoka katika kazi. Vyote viwili vikitokea pamoja, mtu huyo hatadumu.

Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Michael Kanaan, aliyekuwa akishughulikia akili ya mashine katika jeshi la anga, aliandika barua ya wazi kwa wakubwa wa wizara ya ulinzi. Ombi lake lilikuwa dogo: tengenezeni ordinatere zetu. Alisema wakubwa wanahubiri mashine zenye akili, wakati askari wanangojea dakika nyingi ordinatere ya ofisini ifunguke tu. Barua ilisambaa haraka, juu kila askari wa ofisini aliona maisha yake ndani yake. Anayepokea malalamiko hayo kila asubuhi ni msimamizi wa mtandao, na yeye pia hana mashine mpya za kugawa.

Kuridhika na kazi ni jambo jingine

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu juu ya wahandisi na wahasibu zaidi ya 200 wa Pittsburgh. Waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na ni lini walijisikia vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Mshahara mdogo, mkubwa mbaya na masharti magumu vilileta uchungu. Lakini kuviondoa hakukuleta furaha, kulipunguza uchungu tu. Furaha ilitoka kwenye kazi yenyewe: kufanikisha kitu, kutambuliwa, kupewa madaraka, kukua katika ufundi.

Hesabu hiyo inaeleza mengi jeshini. Vijana wengi wanaingia fani hii juu wanaipenda. Wanapenda kutafuta kosa usiku kucha mpaka walipate. Lakini njia ya cheo inawatoa kwenye kile wanachokipenda. Afisa anayepanda anaacha kugusa mashine, anakuwa mtu wa karatasi na mikutano. Sheria ya maafisa ya mwaka 1980 inasimama juu ya wazo moja: panda ao toka. Afisa aliyepitwa mara mbili katika kupandishwa cheo, kwa kawaida anaonyeshwa mlango, hata kama ni fundi ambaye hana mfano.

Kisha kuna kuhamishwa. Kila miaka miwili, mitatu ao mine, askari anapelekwa kituo kingine. Kwa askari wa miguu, hiyo ni desturi. Kwa msimamizi wa mtandao, inamaanisha kwamba siku anapofahamu kila kona ya mtandao wake, ndiyo siku ya kuuacha. Anayefuata anaanza sifuri. Nyumbani nako mke ao mume anatafuta kazi mpya, watoto wanabadilisha masomo.

Mwezi wa tisa mwaka 2021, Nicolas Chaillan, mkubwa wa kwanza wa programu katika jeshi la anga, alijiuzulu na kueleza sababu zake hadharani. Moja ya hizo ilikuwa hii: jeshi linawapa mameja na makolonel wasiokuwa na uzoefu wa ordinatere usimamizi wa mifumo inayotumiwa na mamilioni ya watu. Alikumbusha kwamba hakuna anayeweza kukaa kwenye usukani wa ndege ya vita bila mafunzo marefu. Kwa fundi aliye chini ya mkubwa wa namna hiyo, uchungu ni mara mbili. Anaona kosa likija, na hana cheo cha kulizuia.

Mlango wa kutoka uko wazi

Kuanzia mwaka 2005, wizara ya ulinzi ya Marekani iliwalazimisha waliochunga usalama wa mifumo yake kuwa na vyeti. Ni vyeti vilevile vinavyotafutwa na kampuni za kiraia. Pamoja na cheti, askari ana kibali cha kuona siri za serikali, kitu ambacho kampuni zinazofanya kazi na serikali zinakithamini sana, juu kukipata upya kunachukua muda na feza. Basi jeshi lenyewe ndilo linalomtengenezea askari ufunguo wa mlango. Wako wanaotoka siku ya ijumaa wakiwa na uniforme, na kurudi baada ya muda katika jengo lilelile wakiwa na shati la kampuni, kwa mshahara mkubwa zaidi, bila gwaride na bila zamu ya ulinzi.

Hasara yake imehesabiwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, ofisi ya bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali, GAO, ilitoa ripoti juu ya askari wa mtandao. Kumfundisha askari mmoja katika moja ya kazi ngumu zaidi kunachukua mwaka mmoja ao zaidi, na kunagharimu kati ya dola 220,000 na 500,000. Jeshi la majini na jeshi la anga yalimfunga aliyemaliza mafunzo hayo kutumika miaka 3. Lakini wanamaji wa nchi kavu, wanaoitwa Marine, hawakuwa na maagizo yoyote juu ya jambo hilo, na maagizo ya jeshi la nchi kavu hayakuwa wazi. Nafasi nyingi za fani hizo zilikuwa zimejazwa kwa asilimia 80 ao zaidi. Lakini wakubwa wenyewe walikiri kwamba kuwabakiza wenye ujuzi ni kazi ngumu.

Jeshi limejaribu nini?

Dawa ya kwanza ni prime. Askari wa fani zinazokosa watu anapewa feza akikubali kujifunga miaka mingine. Prime inasaidia kwa aliyekuwa na mashaka. Aliyechoka kabisa anaipokea, anamaliza miaka yake, kisha anaondoka.

Dawa ya pili ni pensheni. Zamani askari aliyeondoka kabla ya miaka 20 hakupata pensheni. Aliyefika miaka 20 alipata nusu ya mshahara wake wa msingi. Hiyo iliwashika watu kazini hata wakiwa wamechoka. Tangu tarehe 1 ya mwezi wa kwanza mwaka 2018, mpango mpya unatoa asilimia 40 kwa miaka 20, lakini serikali inaweka pia feza katika akiba ya askari, na anaweza kwenda nayo hata akitoka mapema. Kuna malipo ya katikati ya utumishi kwa anayekubali kuendelea. Ni haki zaidi kwa askari, lakini kamba iliyowafunga watu wa miaka kumi na kitu imelegea.

Dawa ya tatu inagusa kazi yenyewe. Jeshi la nchi kavu lina maafisa mafundi tangu zamani. Jeshi la anga liliacha kuwateua mwaka 1959. Mwaka 2024 likawarudisha, kwa kuanzia na fani za ordinatere na mtandao, na kundi la kwanza likamaliza masomo Alabama mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Lengo ni kwamba fundi mzuri aweze kupanda cheo bila kuacha ufundi. Bunge pia limeruhusu wataalamu wa kiraia kuingia moja kwa moja na cheo cha juu kinacholingana na uzoefu wao. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2025 njia fupi kwa vijana wa mtandao, yenye mafunzo mafupi ya kijeshi na mshahara wa kuanzia wa zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka.

Jambo moja bado ni gumu: askari wengi wanaogopa kumwona daktari wa akili, wakifikiri watapokonywa kibali cha siri. Serikali imerudia kusema kwamba kutafuta msaada peke yake si sababu ya kunyang'anywa kibali. Woga haujaisha. Basi wengi wanakaa kimya mpaka siku ya kuandika barua ya kuondoka.

Nani anaumia?

Si kila kuondoka ni hasara. Wako wanaoingia katika jeshi la akiba na kurudi na ujuzi mpya. Wengine wanalinda hospitali, banki na mitambo ya umeme ya nchi yao. Na jeshi linahitaji damu mpya.

Hatari iko katika mzunguko. Wawili wakitoka kwenye ofisi ya watu watano, kazi haipungui. Watatu waliobaki wanaibeba, wanachoka, na wa tatu anaanza kutafuta. Aliyeondoka anakwenda na vitu ambavyo havikuandikwa popote: ni waya gani inadanganya, ni serveri gani inakataa joto likipanda, ni nani wa kumpigia usiku. Mwisho wa mzunguko huo kuna askari aliye mbali, mwenye mwenzake aliyejeruhiwa, anayeita kwenye radio kuomba msaada. Yeye hajui jina la S6. Anajua tu kama radio inajibu ao hapana.

Wakaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wanaijua hadisi hii kwa sura nyingine. Muuguzi, mwalimu ao fundi anafundishwa na serikali, kisha shirika lenye feza linamchukua, na wenzake waliobaki wanagawana kazi yake. Huku mshahara usiofika ndio unaotajwa kwanza, na kwa haki. Lakini mfano wa Marekani unaonyesha kwamba hata pale ambapo mshahara unafika kila mwezi, hautoshi.

Kwa kifupi

– Uchovu wa kazi si uvivu wala udhaifu. Unatokana na mzigo mkubwa usiokuwa na msaada wa kuubeba.

– Mshahara na prime vinapunguza uchungu, lakini kinachomfanya mtu apende kubaki ni kazi yenye maana na nafasi ya kukua katika ufundi wake.

– Mkubwa anayetaka kubakiza watu aangalie kwanza zamu, idadi ya watu, kazi za juu ya kazi, na kama fundi ana uwezo juu ya kile anachoulizwa.

– Anayemwona mwenzake amebadilika, amekuwa mkali, hajali tena kazi aliyokuwa akiipenda, amuulize mapema. Barua ya kuondoka ikishaandikwa, mara nyingi muda umepita.